Naomba ushauri: kwenda Santiago Atitlán (Guatemala) na kurudi siku hiyohiyo, nikiwa na mama

Binti_Kilema
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao mimi na mama yangu mzazi tutakuwa Guatemala. Tutalala Panajachel, kando ya Ziwa Atitlán, na tuna siku moja tu ya kuvuka kwenda Santiago Atitlán. Mama ni Mkatoliki wa Kilema, Kilimanjaro, haswa. Tangu asome habari za Padri Stanley Rother, aliyeuawa huko, hana wimbo mwingine. Mimi napenda masoko na vitambaa vya kufumwa kwa mkono.

Siku moja inatosha? Mama magoti yanamsumbua, boti zile atazimudu? Halafu kuna huyu Maximón, sanamu inayoombwa na wenyeji, anayetajwa na kila mwongoza watalii. Nimpeleke mama au nitamkwaza?

MzeeWaGati
Siku moja inatosha, ila muanze mapema sana. Asubuhi ziwa limetulia na volkeno zote tatu, San Pedro, Tolimán na Atitlán, zinaonekana hadi kileleni. Ikifika mchana unaamka upepo wenyewe wanauita Xocomil, na hapo boti ndogo zinarukaruka na kugonga maji. Kwa mtu wa magoti hiyo ni adhabu. Mama akae nyuma karibu na injini, kwa sababu mbele ndiko kunakorusha zaidi. Kabla hamjaondoka gatini Santiago, ulizeni boti ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi, na msiingojee hiyo ya mwisho.

Kutoka gatini hadi kanisani ni kupanda kilima. Msitembee, bajaji ziko nyingi, zilezile za magurudumu matatu tunazozijua. Patana bei kabla hamjakaa.

Kipchumba_Safarini
Dadangu, mkishavuka mbona msiongeze vijiji vya San Pedro na San Juan La Laguna? San Juan kuna vikundi vya akina mama wanaopaka pamba rangi za mimea, kisha wanaifuma kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni. Wanakuonyesha kazi yote tangu pamba ikiwa mbichi. Kwa mpenda vitambaa kama wewe, ukipaacha utajuta.

Tanga_Raha
Kipchumba, San Juan ni pazuri, sikatai. Lakini vijiji vitatu kwa siku moja na mama mwenye magoti maana yake ni kupanda na kushuka boti kutwa nzima, na Santiago mtaipitia juujuu. Binti, kaeni mji mmoja. Santiago ndio mji mkuu wa Watz'utujil, wenyeji wa Kimaya, tangu zamani, una mengi ya kuwajaza siku nzima.

Anzeni kanisani. Padri Rother alitoka Oklahoma akafika hapo mwaka 1968, akajifunza Kitz'utujil hadi akawa anasalisha misa kwa lugha hiyo. Nchi ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, na jina lake lilipoingizwa kwenye orodha ya watu wa kuuawa, alirudi kwao Marekani mapema mwaka 1981, lakini kabla ya Pasaka akawa amesharudi kwa waumini wake. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai mwaka huohuo watu wenye silaha wakamuua ndani ya nyumba ya mapadri. Mwili ulizikwa kwao, moyo ukabaki Santiago, na bado umehifadhiwa kanisani. Alitangazwa mwenyeheri tarehe 23 Septemba 2017. Chumba alichouawa kimefanywa mahali pa sala, kwa hiyo mpe mama muda wa kutosha hapo, usimharakishe. Atazame pia sanamu za watakatifu zilivyopangwa ukutani, zimevalishwa nguo na mitandio kwa heshima kubwa.

Kisha chukueni bajaji hadi Parque de la Paz, Panabaj, nje kidogo ya mji. Desemba 1990 wananchi wasio na silaha waliandamana usiku hadi kwenye kambi ya jeshi, wanajeshi wakawafyatulia risasi, watu 13 wakafa, watoto wakiwemo. Mji mzima ukasimama kudai jeshi liondoke, na likaondoka. Panabaj hiyohiyo ndiyo iliyofukiwa na maporomoko ya tope wakati wa kimbunga Stan, Oktoba 2005. Watalii wengi hawafiki huko. Mimi naona ni kosa kufika Santiago, kununua shali na kurudi bila kupajua.

Binti_Kilema
Asanteni sana, Tanga_Raha umenigusa. Basi ni Santiago tu. Bado swali la Maximón.

Mwana_wa_Pwani
Maximón, ambaye wenyewe humwita Rilaj Mam, ni sanamu ya mbao iliyofunikwa kwa skafu na kofia, sigara mdomoni. Anakaa nyumbani kwa mmoja wa ndugu wa cofradía, yaani chama cha waumini wanaotunza sanamu za watakatifu, na kila mwaka anahamishiwa nyumba nyingine. Watu wanamletea mishumaa, tumbaku na pombe, wanamweleza shida zao. Mapadri kadhaa wamempinga, lakini waumini wengi wanaomwendea ni haohao mnaosali nao kanisani asubuhi.

Mweleze mama yote hayo mkiwa bado Panajachel, aamue mwenyewe. Akisema hataki, akae kanisani, wewe uende na bajaji na kurudi. Ukiingia, kumbuka umo nyumbani mwa mtu aliye kwenye ibada. Salimia, toa sadaka, na picha usipige hadi uruhusiwe na ulipie. Mtu akiwa anaombewa, weka simu mfukoni.

Na sokoni vilevile, usiwapige picha akina mama bila kuwaomba. Bibi mwenye utepe mwekundu mrefu aliouzungusha kichwani ni mtu aliyekuja kuuza nyanya. Vazi hilo ndilo lililo kwenye sarafu ya senti 25 ya Guatemala, na sura iliyochorwa pale ni ya mwanamke wa Santiago, Concepción Ramírez.

Binti_Kilema
Hilo la sarafu sikulijua, mama atafurahi kuitafuta kwenye chenji. Twende siku gani?

MzeeWaGati
Ijumaa, soko ndipo linapojaa. Mbebe noti ndogondogo za quetzal, wenye boti na bajaji hawana chenji ya noti kubwa. Na sweta kwa mama, ziwa liko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, asubuhi kuna baridi.

Binti_Kilema
Ijumaa basi. Shikamoo Mzee, na asanteni nyote.