Lushoto, Morogoro au Udzungwa: wapi pa kupanda milima na watoto?

BabaWatatu

Wakuu, salaam. Nina watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 5, na tunaishi Dar. Likizo hii ya Juni nataka niwatoe mjini siku nne, watembee kwa miguu milimani na waone msitu wenyewe badala ya picha zake. Hawajawahi kupanda mlima wowote. Mama watoto ana goti linalomsumbua, na kuteremka ndiko kunakomuumiza kuliko kupanda.

Nimebaki na sehemu tatu: Lushoto, Uluguru pale Morogoro, na Udzungwa kwa ajili ya maporomoko ya Sanje. Kufika kileleni si lengo langu. Nataka watoto warudi wakiuliza tutakwenda tena lini. Aliyewahi kupeleka familia anisaidie kulinganisha.

MtuWaSoni

Karibu Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mkuu. Mimi ni mwenyeji, kwa hiyo jua kwamba navutia kwangu, ila nitakueleza yalivyo.

Kwa mtoto wa miaka mitano, anza na Irente. Kutoka Lushoto mjini hadi kwenye mwamba ni kama kilomita tano au sita, na njia ni barabara ya vumbi inayopita katikati ya vijiji na mashamba. Inapanda taratibu, haina mahali pa kushika mizizi wala kuteleza kwa makalio. Mtoto akichoka, bodaboda au teksi inafika pale pale mlipo. Hilo ndilo la kwanza kuangalia ukiwa na watoto: je, safari inaweza kukatishwa katikati bila mtu kubebwa mgongoni kwa muda wa saa mbili?

Ukifika mwisho, ardhi inakatika ghafla. Chini yako, karibu mita elfu moja, unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde na nyika inayoendelea mpaka macho yachoke. Hapo mshike mdogo mkono muda wote, usimwachie dada yake. Mkirudi piteni Irente Farm mle mkate wao, jibini na jemu. Watoto wengi hukumbuka chakula kile kuliko mwamba.

Siku ya pili nendeni msitu wa Magamba pamoja na mwongozaji. Mna mbega weusi kwa weupe, na mna vinyonga. Mtoto wa mjini ukimwonyesha kinyonga mwenye pembe mbili puani, atasahau kabisa kwamba miguu inauma.

Kihonda_Nyumbani

Kwa heshima zote kwa ndugu wa Soni, umeruka barabara. Dar hadi Lushoto si chini ya saa sita kwa gari, mara nyingi zaidi. Katika siku zako nne, mbili zimekwenda na vumbi la njiani.

Morogoro sasa ni jambo jingine. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria Juni 2024, unatoka Dar na chini ya saa mbili uko Kihonda, ilipo stesheni ya Morogoro. Watoto wanafika na nguvu zao zote, na treni yenyewe kwao ni sehemu ya likizo. Unachukua bajaji mpaka mjini, unalala, na asubuhi na mapema mnaanza kupanda kwenda Morningside.

Morningside ni nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani, juu kwenye bega la mlima. Njiani kuna vijito, mashamba ya matuta na kina mama wanaoteremka na ndizi na mboga kupeleka sokoni. Stroberi zinalimwa huko huko juu. Waonyeshe watoto yale maji, kisha waambie kwamba mto Ruvu unatoka kwenye milima hii na ndio unaowanywesha Dar. Mwanangu tangu siku ile akifungua bomba anataja Uluguru.

Wasikudanganye tu mkapande kilele cha Lupanga. Kipo juu ya mita 2,100, njia yake ni wima na utelezi. Hicho si kilele cha mtoto wa miaka mitano, na kwa goti la shemeji ni adhabu.

MtuWaSoni

Barabara nakubali, ni ndefu. Ila Morningside nako useme ukweli: mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na ile nyumba iko zaidi ya 1,300. Huo ni mpando wa kweli, na jua la Morogoro linawapiga mgongoni. Halafu wanateremka yote hayo. Mwenzetu ametaja goti.

Kihonda_Nyumbani

Ni kweli, goti nililisahau. Kuna boda zinazopanda sehemu ya njia, lakini kwenye kushuka nisingemshauri shemeji apande boda kwenye mawe yale. Labda yeye na mdogo wabaki Rock Garden, pale chini ya mlima kwenye mawe na mto, wawili wakubwa waende juu na baba yao.

MamaKilombero

Naona Udzungwa haijapata wa kuisemea. Nimeishi Mang'ula, kando ya hifadhi, miaka saba na nimepeleka wageni wengi Sanje.

BabaWatatu, kati ya hizo tatu huku ndiko kuna msitu hasa. Hifadhi ilianzishwa 1992 na haina barabara ndani. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anatembea kwa miguu. Kuna mbega mwekundu asiyepatikana kwingine duniani nje ya milima hii na misitu ya jirani ya bonde la Kilombero, na kuna kima wa Sanje ambaye wanasayansi hawakumtambua mpaka 1979, wakati wanakijiji walikuwa wakimsikia kila siku. Maporomoko ya Sanje yana jumla ya mita 170, na juu kuna bwawa la kuogelea ambalo ukiwa ndani yake unatazama bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa.

Sasa upande wa pili. Njia ya Sanje inachukua kama saa nne, inapanda kwa ukali, na hewa ya huku chini ni ya joto na unyevunyevu. Wa miaka 11 ataweza na atafurahi. Wa 8 inategemea. Wa 5 hapana, na namwambia hivi kila mzazi anayeniuliza. Ipo njia fupi karibu na makao makuu ya hifadhi, inayokwenda kwenye maporomoko madogo ya Prince Bernhard. Hiyo mdogo anaiweza, lakini je, utasafiri umbali wote huo kwa ajili ya mwendo wa nusu saa? Mimi ningesubiri miaka mitatu.

Mkija, suruali ndefu na soksi juu ya suruali. Siafu hawachagui umri.

NesiMstaafu

Nachangia machache.

Mama mwenye goti: fimbo mbili, si moja, na atangulie yeye ili kasi iwe ya kwake. Akipata usafiri wa kushuka, aupande bila kuona haya. Kwa hilo peke yake Irente inashinda.

Mang'ula kuna joto na mbu ni wengi, chandarua ni lazima. Lushoto mbu ni wachache kwa ajili ya baridi, ila mtapita Korogwe na Mombo, msizembee. Juni Lushoto usiku ni sweta mbili na soksi za kulalia. Wazazi wa Dar hufika na vikaptula, halafu watoto wanaanza kukohoa siku ya kwanza.

Zile kona za Mombo kwenda juu zinatapisha watoto. Wasishibe sana kabla ya Mombo, wape tangawizi, na simameni Soni mtazame maporomoko yaliyo kando ya barabara. Dakika ishirini pale zinatuliza matumbo.

Dereva_wa_Chalinze

Kuhusu malipo: hifadhi za taifa na misitu ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) zote mnalipia kwa kumbukumbu namba (control number), kwa hiyo msitegemee noti getini. Hifadhi za taifa mtoto aliye chini ya miaka mitano halipi. Wa kwako amevuka hapo kidogo, beba vyeti vyao vya kuzaliwa. Na tokeni Dar saa kumi na moja alfajiri, msikutane na giza kwenye kona za Soni.

BabaWatatu

Wakuu, nimerudi kuwapa mrejesho.

Tulikwenda Lushoto. Goti ndilo lililoamua, pamoja na ile hoja ya safari inayokatishika. Barabara ni ndefu kama alivyosema ndugu wa Kihonda, na wa kati alitapika kabla ya Soni, tangawizi na yote.

Irente wote watano tulifika kwa miguu. Ilituchukua saa mbili na nusu kwa sababu mdogo alisimama kwa kila mbuzi na kila mtoto mwenzake. Kurudi, mama yao na yeye walipanda teksi, sisi watatu tukatembea.

Magamba tuliingia asubuhi na ukungu mzito, mbega tuliwasikia tu. Baada ya saa moja mwongozaji alituambia njia ya juu imelowa, tukageuza, na hakuna aliyelalamika. Tukiwa tunatoka ndipo alipomwona kinyonga kwenye kichaka, ukubwa wa kidole, sisi tungepita mara mia bila kumwona. Walikaa pale nusu saa. Tukashuka Mombo na ndoo ya plamu na mapeasi, na sweta za NesiMstaafu zilifanya kazi usiku zote tatu.

Mkubwa sasa anauliza habari za Sanje. MamaKilombero, nikimleta yeye peke yake Septemba, njia itakuwa imekauka?

MamaKilombero

Septemba ni kukavu. Mlete. Njooni na nguo za kuogelea, muanze kupanda kabla ya saa mbili asubuhi.