Siku mbili Mbeya na Mama: Chunya, Tukuyu au kona 57 za Chimala?

Binti_Morogoro
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua barabara za milimani za Mbeya. Mwisho wa Februari nampeleka Mama kutembea. Tutakuwa watatu, kaka yangu ndiye dereva, gari ni RAV4 ya zamani lakini four-wheel inafanya kazi. Tuna siku mbili kamili na tutalala Mbeya mjini.

Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, kupanda mlima kwa miguu hawezi. Ila tangu Baba akiwa hai amekuwa akisema anataka siku moja aione nchi kutoka juu. Kwa hiyo natafuta mahali gari linafika, anashuka hatua chache, anaona.

Nimesikia njia tatu: Mbeya kwenda Chunya, Uyole kwenda Tukuyu, na ile ya Chimala kupanda Matamba hadi Kitulo. Ipi niipe siku nzima?

Mzee_wa_Uyole
Karibu sana Mbeya, binti yangu. Kwa magoti ya Mama yako, jibu ni Chunya. Lami tupu, na ni kati ya barabara kuu zilizo juu kabisa nchini, inavuka mita 2,400. Unapita chini ya mlima Loleza, unaingia misitu ya Kawetire, na hata saa nzima haijaisha mko World's End, mahali pa kutazamia bonde. Gari linaegeshwa pale pale ukingoni. Chini yenu bonde la Usangu limelala lote.

Watu wanakosea wakidhani kiangazi ndicho kizuri kwa kutazama. Septemba na Oktoba mashamba yanachomwa, moshi na vumbi vinajaa bondeni, unaona weupe tu. Februari mvua imeosha hewa. Fikeni asubuhi, kabla mawingu hayajapanda.

Kipunji_Mdogo
Shikamoo Mzee. Chunya ni nzuri lakini ni kituo kimoja, ukishaona umeona. Njia ya Tukuyu ina vituo vingi.

Ziwa Ngozi liondoe kwenye orodha, dada. Ukiacha lami pale Mchangani, kuna mwendo wa msituni na mwisho wake ni mpando mkali wa udongo, Februari unateleza kama sabuni. Ziwa lenyewe utaliona chini sana ukiwa ukingoni mwa kreta. Kwa Mama haiwezekani.

Daraja la Mungu ndilo lake. Ni jiwe la lava ya volkano lililovuka mto Kiwira kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mto umepita chini yake. Gari linafika karibu. Mbele kidogo kuna Kijungu, mto unapojitumbukiza kwenye shimo la mwamba lenye umbo la chungu. Ni ndani ya eneo la Magereza, mtajiandikisha getini. Pale mshikeni Mama mkono, mawe yana utelezi.

Suka_wa_Chimala
Nimepandisha na kushusha magari Matamba kwa miaka tisa, viazi na abiria. Naomba nieleze hiyo njia ya kona Hamsini na Saba, maana wengi wanaiogopa kwa kusikia.

Chimala ipo kilomita 78 kutoka Mbeya kwa barabara ya Dar. Pale chini ni joto la Usangu, mashamba ya mpunga, watu wana vishati vyepesi. Unaacha lami, unaingia mlimani, na kona zinaanza kukunjana moja juu ya nyingine. Kila kona unayopanda, bonde linafunguka zaidi. Mwanzo unaona paa za mabati za Chimala, kona kumi baadaye unaona barabara kuu kama uzi na malori juu yake, ukipanda zaidi huoni tena malori, unaona Usangu yote na vivuli vya mawingu vinatembea juu ya mpunga. Masikio yanaziba. Vioo vinaanza kupata ukungu. Ukifika juu unatafuta sweta.

Sasa kwa kaka yako. Panda na gia namba moja au mbili, usibadilishe katikati ya kona. Piga honi kila kona usiyoiona mbele. Anayepanda apishwe, lakini usimtegemee mwenye lori la mzigo kusimama. Mkitaka kutazama msisimame kwenye kona, simameni kipande kilichonyooka penye upana, tairi zigeuzwe kuelekea ukuta wa mlima, na jiwe kubwa nyuma ya tairi la nyuma. Mshale wa joto ukipanda, pumzisheni gari. Msifungue rejeta likiwa la moto.

Mzee_wa_Uyole
Suka, nakuheshimu, lakini Februari? Ile njia ni ya udongo na mawe. Mvua ikinyesha mko kona ya thelathini na mama mzee ndani ya gari, mtafanya nini?

Suka_wa_Chimala
Swali la haki, Mzee. Mvua za kule mara nyingi ni za mchana. Saa moja asubuhi wawe wameshaanza kupanda. Kama usiku imenyesha kubwa, waulize stendi Chimala kabla ya kupanda, madereva wa Matamba watawaambia ukweli. Wakiambiwa subiri, wasubiri. Na kushuka kwa njia hiyo hiyo jioni simshauri mtu asiyeijua. Mimi mwenyewe niliwahi kushuka na viazi, breki zikaanza kunuka kona ya ishirini kutoka chini, nikasimama saa mbili nzima. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka.

Mkinga_wa_Matamba
Kamwene wote. Hapo ndipo nilipotaka kuingia: wasishuke. Wapande Chimala, wapite Matamba, waingie Kitulo, kisha watokee Kikondo hadi Isyonje, pale wanaikuta barabara ya Tukuyu na kurudi Mbeya kupitia Uyole. Ni mzunguko wa siku nzima. Waulize hali ya kipande cha Kikondo siku hiyo, kuna tope.

Na Februari ndiyo yenyewe. Kitulo ni hifadhi tangu 2005, ipo mita 2,600 hivi, nasi tunaiita Bustani ya Mungu. Maua ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Mkija Julai mtakuta baridi, ukungu na majani makavu. Mama hahitaji kupanda popote, ashushe kioo tu. Kuna aina 45 za okidi, nyingine ndogo kuliko ukucha, hizo lazima uiname, lakini kuna maua mekundu na ya njano yanaonekana toka garini hadi macho yanachoka. Ndege wakubwa, tandawala, wanatembea kwenye nyasi kama wazee wenye koti.

Ombi langu moja: msichume wala msichimbe. Viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia kutengenezwa chakula wanachokiita chikanda. Tukiwa wadogo tulijua mabonde yaliyojaa, sasa mengine hayana kitu. Inauma.

Kipunji_Mdogo
Kwa mpangilio huo nakubali kushindwa. Siku ya kwanza mzunguko wa Kitulo, siku ya pili Daraja la Mungu asubuhi. Chunya mwachie safari ijayo.

Mzee_wa_Uyole
Siku ya kwanza ikinyesha, binti, geuzeni Chunya bila kujuta. Usilazimishe mlima.

Binti_Morogoro
Wakuu, tumerudi salama, asanteni kutoka moyoni. Usiku wa kwanza ilinyesha, tukasubiri Chimala hadi saa mbili na nusu, dereva mmoja wa Matamba akasema njia imeshika, tumfuate nyuma yake. Tulimfuata.

Tulisimama mara nne. Mara ya tatu Mama alitaka kushuka. Tuliweka jiwe kwenye tairi kama Suka alivyosema, kaka akamtandikia kitenge juu ya jiwe lingine, akakaa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanionyesha kwa kidole kitu kidogo kinachong'aa kule chini, akauliza kama ni maji au mabati. Tulikuwa hatujui. Akasema Baba angejua, macho yake yalikuwa makali.

Mama alihesabu kona 55, kaka anasema 58. Mkinga, hatukuchuma hata moja. Kikondo tope lilikuwepo, four-wheel ilifanya kazi yake, na tulinunua viazi debe zima kwa mama mmoja barabarani.

Daraja la Mungu tulifika kesho yake. Chunya hatukuwahi, Mzee, na Mama ameshaniuliza tunarudi lini.

Mzee_wa_Uyole
Mwambie nyumba ipo, chai ipo. Mje Machi mwakani, World's End nitawapeleka mwenyewe.