Kamera za ghala zinakatika usiku: nibaki na DVR, nihamie NVR ya PoE au nifunge za Wi-Fi?

Pembejeo_Mtwara
Wakuu habari za jioni. Nina duka la pembejeo hapa Mtwara mjini na ghala lake nyuma. Nimefunga DVR (kirekodi cha picha) na kamera 8 za koaksi, waya kama ule wa antena ya TV. Tano za dukani hazina neno. Tatu za ghalani mchana ziko safi, ila ikifika saa moja jioni zinaanza kuzima na kuwaka, skrini inaandika "video loss". Umeme ukikatika ndo kabisa, UPS yangu (betri ya akiba) haidumu hata lisaa limoja. Fundi mmoja kaniambia ning'oe zote niweke mfumo mpya. Msimu wa korosho unaanza Oktoba na ghala litajaa, nataka niamue sasa: kukarabati hii, NVR ya PoE (kirekodi cha kamera za mtandao zinazopewa umeme kwenye kebo ile ile ya picha), au Wi-Fi?

FundiWaya
Pole mkuu. Usinunue kitu kwanza. Kamera inayozima giza likiingia mara nyingi haijafa, inakosa umeme. Mchana inakula kidogo, jioni inawasha taa zake za kuonea gizani na matumizi yanapanda hata zaidi ya mara mbili. Kama waya ni mrefu na mwembamba, volti zinaishia njiani, kamera inazima, ikizima mzigo unapungua, inawaka tena. Ndiyo huo mchezo unaouona. Kuna umbali gani hadi ghalani?

Pembejeo_Mtwara
Kama mita 60 hivi. Umeme wa kamera zote unatoka kwenye boksi moja la 12V dukani.

FundiWaya
Basi chukua multimeta, usiku, pima kule kule kwenye kamera ikiwa imewaka. Kupima ukiwa umechomoa kamera ni kujidanganya, utasoma 12 kamili. Halafu kwangua waya kwa kisu. Ukiona mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na madukani imejaa. Mwisho, ifungue kamera moja ya dukani inayofanya kazi, ifunge ghalani. Nayo ikizima, kamera zako ni nzima.

Chumvi_Shangani
Mimi naongeza maungio. Huku Shangani koneta ya BNC (ile ya kuungia koaksi) ikiachwa wazi nje, hewa ya bahari inaila mpaka inaota kutu ya kijani. Halafu mkuu wewe unauza pembejeo: kama salfa ya unga inakaa humo humo ghalani, vumbi lake likikutana na unyevu linaila shaba vilevile. Kata koneta zote za ghalani, funga mpya, ziingize kwenye boksi la plastiki lenye mpira. Waya uushushe chini ya tundu kwanza ndo upande kuingia, maji ya mvua yadondoke kabla hayajafika ndani. Mafundi wengi wanamaliza na selotepu nyeusi tu. Mwezi wa pili wa jua imeshaachia.

Dada_Mitandao
Ningekuwa naanza upya ningeweka PoE bila kufikiri mara mbili. Kebo moja inabeba picha na umeme, na umeme wenyewe unasafiri kwa volti 48 hivi badala ya 12, kwa hiyo mita 60 si tatizo. Kamera ikiganda naizima na kuiwasha kupitia swichi ya mtandao inayozilisha umeme nikiwa nyumbani, sipandi ngazi. Ila mjue swichi moja ikifa, kamera zote zimelala, na kebo yenyewe mwisho ni mita 100, wakati koaksi nzuri inafika 300. Majengo yakitengana sana napitisha faiba (kebo ya nyuzi za kioo). Faida yake nyingine ni kwamba haipitishi radi kutoka jengo moja kwenda jingine.

Wi-Fi kwenye ghala la bati msinishirikishe. Bati linazuia mawimbi, na kamera bado inataka waya wa umeme. Sasa umekwepa nini?

Mzee_wa_Inveta
Mnabishana kamera, umeme nani anauangalia? Pigeni hesabu. Kamera 8 kwa wati 5 ni 40, DVR na diski 20, rauta 10. Jumla 70. UPS ndogo ina betri ya 12V 7Ah, yaani wati-saa 84 za kwenye karatasi. Ukitoa hasara, shukuru ukipata dakika 40. Na betri ya risasi inachukia joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha yake yanapungua karibu nusu. Ukiiweka juu ya kabati chini ya bati unaichemsha.

Inveta na betri ya lithiamu ya 100Ah, mzigo huo huo, unavuka usiku mzima. Ya risasi ya 100Ah usiitumie zaidi ya nusu, utapata saa 7. Na kabla ya yote weka kifaa cha kulinda friji. Umeme ukirudi huwa unarudi kwa fujo, kile kinasubiri dakika chache utulie.

BintiLindi
Shikamoo mzee. Kuna kukatika kwingine hakuonekani kwenye skrini: picha ya moja kwa moja ipo, lakini hairekodi. Diski imekufa kimya kimya, au saa imerudi mwaka 2000 kwa sababu kile kibetri cha ndani kimeisha, unatafuta tukio la jana hulioni. Fungua rekodi ya jana kila wiki uitazame. Pia kamera moja kwa 4Mbps inakula GB 43 kwa siku. Nane zinamaliza diski ya 2TB ndani ya siku sita. Kama DVR yako ina H.265 (inabana video ili ile nafasi ndogo), iwashe.

Pembejeo_Mtwara
Marahaba kwa niaba ya mzee 😄 Nimepima. Kwenye boksi 12.1. Kamera ya mwisho mchana 11, taa zikiwaka 9.3. Waya nimekwangua, mweupe. Koneta za ghalani kijani kweli. Nabaki na DVR, nafunga adapta za 12V kule kule ghalani, pesa inayobaki iende kwenye inveta. Swali: adapta zikiwa ghalani, umeme ukikatika si zitalala?

FundiWaya
Zitalala kama utazichomeka kwenye soketi ya kawaida. Vuta laini ya 230V kutoka kwenye inveta hadi ghalani, peke yake, na kikata umeme chake. Kwa volti hizo mita 60 hazikupotezei kitu. Adapta ziwe za pini mbili. Ukija kuona mistari inapanda pole pole kwenye picha, ujue athi (nyaya za ardhini) za majengo mawili zinapishana, weka kitenganishi kwenye koaksi upande wa DVR.

Dada_Mitandao
Na hiyo laini ukiichimbia, weka bomba kubwa, upitishe na kamba ya kuvutia. Siku ukihamia PoE hutachimba tena.