Eti "si jengo tupu, wanaiba nini?" Huyu bwana ametutukana wote

Wakuu nimetoka sasa hivi kwenye ofisi ile, mnaijua, kwa yule bwana, mnamjua vizuri sina haja ya kumtaja, yule ambaye ukimpelekea shida anakuangalia kama umemletea bili ya maji. Nimeenda kumwambia habari za lile jengo la halmashauri la ufukweni hapa Dar, kuelekea Feri, lenye veranda ndefu, wapangaji walihama juzijuzi tu hapa. Nikamwambia bosi, watu wanalimaliza mchana kweupe, tuma mtu. Akanijibu huku anatafuna karanga, "Si jengo tupu lile? Wanaiba nini?"

WANAIBA NINI?!

Wapangaji wametoka, kofuli lenyewe la geti halikulala siku nyingi. Zikaondoka mota za viyoyozi zile za nje, wakafuata mabomba ya shaba, wakaja kwenye nyaya, wanazichomoa ukutani na suwichi zake kisha wanazichomea humohumo ndani sakafuni plastiki iyeyuke wabaki na shaba, moshi mweusi unatoka dirishani sisi majirani tunakohoa kama tuko jikoni kwa shetani, siku moto ukishika dari ndio tutasikia "chanzo hakijajulikana". Koki, masinki, nondo za madirisha, mpaka mifuniko ya chemba. Na leo wakati narudi kutoka hukohuko kwa mla karanga nakutana na guta limebeba mlango, mlango wa mvule, mzima, bawaba bado zimeng'ang'ania na vipande vya lipu vinaning'inia, dereva anapiga honi nimpishe! Nimpishe yeye! Na huku masikioni bado nasikia wanaiba nini, wanaiba nini.

Na haya majengo ya zamani ya mbele ya bahari kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukishang'oa gata na bati mbili tatu maji yanaingia ukutani yanakaa, masika moja tu lipu inashuka yenyewe. Sehemu ya zege ndo kabisa, upepo wa chumvi unakula nondo, nondo inavimba kwa kutu, zege linapasuka. Halafu baadae wanakuja na mafaili wanasema jengo ni hatarishi livunjwe. Hatarishi limefanywa na nani? Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la enzi za Sultan Majid, miaka ya 1860 huko, mbona limesimama? Linatunzwa na lina watu!

Inavyotakiwa, siku mpangaji anarudisha funguo ndio siku hiyohiyo mlinzi anaingia, mnakaguana chumba kwa chumba mnaandika kilichopo, umeme unakatwa kule nje kwenye nguzo, madirisha ya chini yanazibwa kwa mbao ila mnaacha matundu hewa ipite, taa mbili za nje basi, au mpe hata fundi seremala akae kwa kodi kidogo mpaka apatikane mpangaji. Hii inahitaji digrii? Lakini mtu anatafuna karanga anakuuliza wanaiba nini. Ganda la karanga limenirukia kwenye shati wakuu. NAAPA.

Binti Upanga: Mkuu pole, huyo bwana tunamjua. Mimi nilimpelekea habari ya taa za mtaani akaniuliza usiku natoka kwenda wapi. Mimi mke wa mtu!

Kobe wa Kurasini: Nimecheka "jikoni kwa shetani" 😂😂 Ila mleta mada lile jengo ulirithi kwa babu? Mbona unalia kuliko mwenye nalo

Mleta mada: Kobe mwenye nalo ni mimi na wewe, kodi ya hilo jengo inaingia halmashauri ndio itengeneze mitaro ya kwenu huko mnakoogelea kila masika. Mlango wa mvule kama ule kaulize bei kwa maseremala Keko uje uniambie tena "wanaiba nini".

Skrepa Original: Msituonee watu wa vyuma chakavu, sisi tunanunua kwa kilo. Mtu kaja na shaba nimuulize cheti cha kuzaliwa?

Binti Upanga: @Skrepa ndiyo umuulize! Shaba imeungua, mtu jicho jekundu, saa kumi na moja alfajiri, we unaona ni biashara halali hiyo?

Nahodha Mstaafu: Tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma nilisema hapa hapa, ofisi zitabaki tupu mjini na hakuna aliyejipanga. Nikaitwa mchawi. Nendeni mkatafute huo uzi.

Mleta mada: Mzee hili halikuwa la wizara, ni wapangaji wa kawaida tu. Na mimi silalamikii kuhama, nalalamikia JIBU. Mtu kaona picha kwenye simu yangu, guta linaonekana, mlango unaonekana, bado anauliza wanaiba nini!

Sungusungu Mbagala: Mnasema mlinzi mlinzi, mimi ndio mlinzi. Unapewa kirungu na tochi haina betri, jengo halina taa halina choo, wanakuja kundi zima na mitarimbo, mshahara unacheleweshwa mpaka unakopa nauli ya kwenda lindoni. Ukiibiwa unakatwa wewe. Kampuni siitaji ila wenye sare zile mnazijua.

Kobe wa Kurasini: Zile za kaki zilizopauka? 😂 Shemeji yangu yuko hapo, analipwa kwa ahadi

Sungusungu Mbagala: Hizohizo. Mwambie shemeji barua yetu bado haijajibiwa.

Mama Kigamboni: Nauli mnalilia? Njooni upande wetu. Ukipita kivuko unasimama juani na ndoo za samaki za watu miguuni, ukisema upite Daraja la Nyerere na gari unalipa. Mwenzangu wa Mbagala anavuka madaraja yake bure, sisi tumekosea nini?

Nahodha Mstaafu: Hilo la tozo nilisema tangu daraja lilipofunguliwa 2016. Mwaka huohuo. Nikaitwa mchawi tena.

Binti Upanga: Tozo zilishapunguzwa lakini mama

Mama Kigamboni: Zilipunguzwa 2022 hazikufutwa! Punguza na futa ni kitu kimoja?

Mleta mada: Jamani turudi kwenye jengo, guta limerudi tena sasa hivi naliona, wanapakia mabati.

Kobe wa Kurasini: Mama Kigamboni kwani ukivuka na pikipiki unalipa ngapi?

Mama Kigamboni: Nenda na pikipiki yako ujionee. Na ukifika Feri niulizie samaki changu leo wanauzaje, jana walinipiga bei nikarudi na dagaa.