Mtafiti alazimishwe kuturudishia kitabu alichoandika kutuhusu?

Mwalimu mstaafu, Cheyo, Tabora:
Ndugu zangu, naleta hoja, na msimamo wangu nautaja mapema. Kila mtafiti anayepewa kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuja kutuhoji abanwe kwa maandishi aache nakala za kitabu chake katika maktaba ya mkoa, pamoja na muhtasari wa Kiswahili.

Chukueni kitabu cha Stephen Rockel cha 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya 19. Wengi wetu tumekua tukiamini mpagazi ni mtumwa tu aliyebebeshwa pembe za ndovu. Rockel anaonyesha kwamba Wanyamwezi wengi waliosafiri kati ya Unyanyembe, huku kwetu Tabora, na pwani walikuwa wafanyakazi wa ujira: walipatana malipo kabla ya safari, walilipwa kwa vitambaa, walidai posho, na wakidhulumiwa walitua mizigo wakagoma au wakatoroka. Kirangozi aliyetangulia msafara alikuwa mtu wa ujuzi na heshima. Mtoto wa Tabora akilijua hilo, atawatazama mababu zake kwa jicho jingine kabisa. Lakini mimi nimekisoma kwenye fotokopi iliyobanwa kwa pete za plastiki, ramani zimegeuka weusi mtupu na mistari ya chini imekatwa. Walimu wenzangu wa historia hawajawahi hata kukiona.

Kijana wa Mwanga, Kigoma:
Shikamoo Mwalimu. Nakuunga mkono nusu. Huku kwetu kuna cha Philip Gooding, kilichotolewa na Cambridge 2022, historia ya Ziwa Tanganyika kati ya 1830 na 1890. Anasema Ujiji haikuwa pembezoni ikingoja watu wa pwani waje kuizindua. Watu wa ziwani nao waliamua bidhaa na desturi za Bahari ya Hindi zipokelewe vipi. Nilifurahi sana kusoma hivyo. Ila tafsiri atailipia nani? Watafiti wengine ni wanafunzi tu, mfukoni hawana kitu. Na hakimiliki mara nyingi iko mikononi mwa mchapishaji.

Mhadhiri, mzaliwa wa Urambo:
Tusiwaonee wageni peke yao. Sisi wahadhiri wa hapa nchini pia tunaandika kwa Kiingereza, kwa sababu ukitaka kupanda cheo unatazamwa umechapisha majarida gani, na ya nje ndiyo yanayopewa uzito. Nimewahoji wazee wa kwetu, nikachapisha, na wao hawakuuona hata ukurasa mmoja. Kanuni hiyo itubane na sisi.

Mwalimu mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hakimiliki inalinda maneno yalivyoandikwa, hailindi wazo. Mtafiti akikaa chini akaeleza hoja zake upya kwa Kiswahili, kurasa ishirini, hajamwibia mchapishaji chochote. Na kama alimudu kukaa na wazee wetu akiwauliza maswali kwa Kiswahili, au alilipa mkalimani, basi na hizo kurasa ziwemo kwenye bajeti anayoombea fedha tangu mwanzo.

Suala la bei ndilo zito. Vitabu hivi huchapishwa nakala chache, soko lake likiwa maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, ndiyo maana jalada gumu hufika dola 100 na zaidi. Sheria yetu ya maktaba inamdai nakala mchapishaji wa ndani. Aliyechapa Uingereza haimgusi. Njia ya kutokea ipo, na wengine wameshaipita. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972 London na Dar es Salaam kwa pamoja, huku kwetu kikiwa na chapa ya Tanzania Publishing House. Miaka ya 1990 Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar es Salaam, nao walishirikiana na mchapishaji James Currey wa London. Mwandishi akiomba toleo la Afrika Mashariki kabla hajatia saini mkataba, anaweza kulipata. Akishatia saini, amechelewa.

Mhadhiri, nashukuru kwa kusema wazi. Wenyeji wawemo, tena wawe wa kwanza.

Sasa ninachopendekeza kiingie kwenye kibali ni nakala mbili kwa maktaba ya mkoa husika, muhtasari wa Kiswahili wa kurasa ishirini, na mkutano mmoja wa hadhara kwenye kata alikofanyia utafiti. Asiyetimiza asipewe kibali kingine. Anayepinga aseme ni kipi kati ya hivyo hakiwezekani, na kwa nini.