Tupeane uzoefu: wakimbizi tuliosomea Kiingereza, lugha ya nyumbani mmeishikaje?

Mrundi wa Kakuma
Habari zenu ndugu. Naanza na yangu. Tulikimbia Burundi 2015, tukafika Kakuma, kambi ya wakimbizi huku Kenya. Nyumbani nilikuwa nasoma kwa Kirundi, Kifaransa ndiyo kwanza kinaanza kukolea. Hapa nikapewa kitabu cha Kiingereza nisome, nikabaki nakodolea picha. Nikarudishwa darasa la kwanza na watoto wadogo, magoti yangu hayaenei chini ya dawati. Kiingereza nilikipata kwa hasira. Nikafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, ile ya mwisho, 2023, nikafaulu.

Mwaka jana nyanya akapiga simu kutoka kwetu. Akasema, "Sokwe!" Kwetu ndivyo kitendawili kinavyoanza, na unaitikia "Niruze!" Nilimsikia vizuri. Neno likakataa kuja. Akadhani mtandao umekatika, akawa anaita, "Halo? Halo?" Usiku ule sikulala.

Wenzangu, kwenu ilikuwaje?

Mwana wa Fizi
Pole sana ndugu yangu. Mimi niko Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda. Nyumbani Kibembe, lugha ya kwetu Fizi, Kongo; kanisani na sokoni Kiswahili, darasani Kiingereza. Baba alikuwa mwalimu wa Kifaransa kule Kongo. Siku ya kikao cha wazazi nilikaa kando yake nikimtafsiria. Mwalimu akawa ananitazama mimi tu. Baba ameshika kofia magotini, anaitikia kwa kichwa. Mtu aliyenifundisha kusoma! Siku hizi nikiandika insha shuleni, jioni naiandika tena kwa Kibembe namsomea. Anasahihisha kwa kalamu nyekundu kama zamani.

Dada Mkubwa
Niko Marekani. Mama anasema Kibembe, wadogo zangu wanamjibu Kiingereza. Si utovu wa adabu, ndicho kinachowatoka. Kuwakemea hakujasaidia, jikoni ndiko kumesaidia: tukitwanga sombe (kisamvu), kila chombo tunakiita kwa jina la kwetu. Kitinda mimba anayajua yote sasa. Ila akiumizwa na wenzake shuleni, hana maneno ya kumwambia mama. Hilo linanitia hofu kweli.

Mrundi wa Kakuma
Dada, hilo la mwisho limenigusa. Jana nilimpigia nyanya, nikamwahi: "Sokwe!" Akaitikia kwa sauti kubwa. Kitendawili chenyewe sikuwa nacho, akanitegea yeye. Warundi mlioko humu, naomba mniwekee vitendawili hapa, Jumapili nampigia tena.