Bando la rauta GB 60 limeisha siku 9, salio naangaliaje? Msaada wakuu

baba_watatu
Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana hapa naandikia bando la simu ya mke wangu na kashaanza kuniangalia jicho la upande.

Mwezi wa nne nilinunua rauta ya kuweka laini, ya mtumba lakini nzima, nyeupe imesimama kama redio, chini imeandikwa Huawei B310. Nimeiweka sebuleni hapa Chanika na kila mwezi naweka bando la GB 60. Mwezi wa nne lilifika tarehe 26, wa tano likafika 25, hapo sikuwa na neno. Mwezi huu wa sita nimeweka tarehe 1 asubuhi, tarehe 9 usiku kimya. Taa zote zinawaka, mnara umejaa, ila ukifungua kitu kinazunguka tu hadi unakata tamaa. Nimepiga huduma kwa wateja nimesikiliza muziki robo saa nzima halafu dada ananiambia "kaka bando lako umeshatumia lote". Nimelitumia wapi? Haniambii.

Simu unabonyeza namba unaona salio, hii rauta haina kioo haina vitufe, naibonyeza wapi? Na kingine nisiwafiche, tangu tarehe 30 kuna shemeji yangu kaja kukaa kwetu anatafuta kazi, kijana wa miaka 22, simu haimtoki mkononi hata akiwa anakula. Sitaki kumsingizia mtu ila hesabu zinagoma. Nawasilisha.

Kipanga Mweusi
Shemeji huyo mkuu, kesi imeisha. Funga uzi.

mama_vitumbua
@Kipanga Mweusi acha kuvunja ndoa za watu wewe.

Kaka pole. Mimi ilinitokea hivyohivyo, nilichofanya nilitoa laini kwenye rauta nikaweka kwenye simu nikapiga menyu ya vifurushi nikaona salio. Ni dakika mbili tu.

fundi_antena
@mama_vitumbua inafanya kazi ila ina mitego miwili dada. Wa kwanza, ukiweka laini kwenye simu huku data ya simu iko wazi, zile apu zote zilizokuwa na njaa zinaamka, picha zinapanda, apu zinajiapdeti, unatoka kuangalia salio umeshakula MB 300 za kuangalia salio. Zima data kwanza ndo uchomeke. Wa pili kuna laini za ofa zinazouzwa pamoja na rauta zake, hizo ukizitoa ukaweka kifaa kingine zinaweza zikagoma kabisa. Na hivi visahani vya laini ukitoa kila siku vinalegea, nimeshatengeneza vingi.

Baba watatu huna haja ya kutoa laini. Hiyo B310 ina ukurasa wake wa ndani. Unganisha simu kwenye waifai ya hiyohiyo rauta, fungua brauza, pale juu unapoandika anwani andika 192.168.8.1 halafu ingia. Haihitaji bando, hata sasa hivi limeisha itafunguka kwa sababu unaongea na rauta yenyewe, hutoki nje. Itakuomba jina na nywila, geuza rauta uangalie stika chini, mara nyingi ni admin na admin. Ukishaingia tafuta sehemu mbili, ya takwimu za matumizi na ya meseji. Anza na meseji halafu urudi hapa utuambie umekuta nini.

baba_watatu
Mkuu nimeandika hiyo namba inaniambia ukurasa haupatikani. Nimejaribu mara tatu.

fundi_antena
Data ya simu umezima? Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti zinakimbilia kwenye laini yake kimyakimya, sasa hapo inaenda kuitafuta hiyo namba huko nje ambako haipo. Zima data ya simu, ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti kubali. Na uandike kwenye mstari wa anwani, usiandike kwenye kiboksi cha kutafutia cha Google.

Chaki Nyeupe
Kwa wengine watakaopita hapa na rauta za aina nyingine, namba zinatofautiana. TP-Link na ZTE nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukishindwa kabisa, kwenye simu ingia mipangilio ya waifai bonyeza jina la waifai uliyounganishwa, kuna mahali pameandikwa geitiwei, hiyo ndo namba ya rauta yako yoyote ile.

baba_watatu
WAKUU. Nimeingia.

Kwenye meseji nimekuta 61 hazijasomwa. Sitini na moja! Kuna za bahati nasibu, kuna za kununua miito ya simu, kuna mtu anaitwa kaka Side anadaiwa na mtu (nadhani kabla yangu laini ilikuwa ya mwingine), na katikati huko nimekuta tarehe 7 saa 3 usiku "umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako", na tarehe 9 saa 4 usiku nyingine ya kwamba kimeisha. Kumbe walikuwa wananiambia muda wote, wanaiambia rauta.

Chaki Nyeupe
Ndo hapo wengi wanapotea. Kanuni za vifurushi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za 2021 zinamtaka mtoa huduma akutaarifu matumizi yakifika asilimia 75 na asilimia 100. Wanatuma kweli, ila wanatuma kwenye namba ya laini iliyotumia hilo bando, na namba yenyewe iko ndani ya rauta sebuleni nyuma ya TV. Nani anasoma huko.

Cha kufanya, tafuta namba ya hiyo laini halafu iweke kwenye apu ya mtandao wako, apu nyingi zinakubali namba zaidi ya moja, inatuma msimbo wa kuthibitisha kwenye laini, wewe unausoma kwenye ukurasa wa meseji wa rauta. Baada ya hapo salio unaliona kwenye simu yako ukiwa hata Kariakoo. Kama namba umeisahau na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# kwenye simu yenye laini ya mtandao huohuo, kuna kipengele cha kuona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako.

Kipanga Mweusi
Na hiyo ya kaka Side ukipata mwendelezo utuwekee.

fundi_antena
Vizuri. Takwimu zinasemaje? Na angalia vifaa vilivyounganishwa viko vingapi.

baba_watatu
Takwimu za mwezi zinasoma GB 55.3. Sasa hapa ndo nimechoka, nimenunua GB 60, rauta inasema nimetumia 55.3, hizo karibu tano zimeenda wapi? Naona kuna watu hapa wanakula jasho langu.

Vifaa viko 7. Simu yangu, ya mke wangu, ya shemeji, laptopu ya kazini, TV, tablet ya watoto, na kimoja kina jina la herufi na namba tupu sikijui.

Chaki Nyeupe
Tulia mkuu, hiyo tano kabla hujaenda polisi tufanye hesabu. Kuna kuhesabu GB kwa elfu na kuna kuhesabu kwa 1024, na hiyo inarudiwa kila ngazi, KB, MB hadi GB. Ukichukua GB 60 za elfu elfu ukazigeuza kwa hesabu ya 1024 unapata kama 55.9. Kwa hiyo 55.3 ya rauta na 60 ya mtandao inaweza ikawa mzigo uleule umepimwa kwa kopo tofauti, kama debe la sokoni na kilo za dukani. Hiyo 0.6 inayobaki usiitafute, rauta ikizimika ghafla umeme ukikatika huwa inasahau dakika za mwisho, na kwetu umeme unakatikaje unajua mwenyewe.

Kizuri ni kwamba mtandao na rauta wanakubaliana. Maana yake hizo GB zimepita kweli kwenye nyumba yako. Swali lililobaki ni nani.

mama_vitumbua
Hicho kifaa kisichojulikana je? Jirani huyo.

fundi_antena
Inaweza ikawa jirani, inaweza ikawa simu yako mwenyewe. Simu za siku hizi zina kawaida ya kujificha kwa anwani ya bandia zikiingia kwenye waifai, jina linatoka halieleweki. Dawa ni moja tu, badilisha nywila ya waifai, wote watatoka, halafu waingize mmoja mmoja kwa mkono wako ukiangalia orodha. Na usisahau kubadilisha na ile admin ya kuingilia ukurasani, kama bado ni admin admin mtoto yeyote wa form two anakufungia nje ya rauta yako.

Ila nikuambie ukweli, hiyo B310 haikuonyeshi kila kifaa kimekula ngapi, inakupa jumla tu. Ukitaka kumjua mlaji, futa takwimu zianze sifuri, acha kifaa kimoja tu saa nzima, soma. Kesho kingine. Ni kazi ya kizamani lakini haidanganyi.

Ustaadhi wa Mombasa
Huku kwetu nyumba nyingi zimeingia faiba, unalipia spidi si GB, so haya mambo ya kuhesabu tumeyasahau kiasi. Ila hata sisi kuna kiwango kimeandikwa kwa maandishi madogo, ukikipita wanakupunguzia spidi mpaka mwisho wa mwezi, halafu unadhani ni mvua. Nyinyi wenzetu mnaoambiwa "bila kikomo" kwa laini pia msome hayo maandishi.

baba_watatu
Asanteni. Nimebadilisha nywila jana usiku nikaweka bando la wiki la kujaribia. Kile kifaa cha ajabu kumbe ni simu ya mke wangu ya zamani iko kabatini inachajiwa kila siku sijui kwa sababu gani, nimeuliza nimejibiwa "ina picha".

Ila nisiwe mnafiki, nilipobadilisha nywila shemeji sikumpa. Nilimwambia mezani mbele ya watu kwamba kuna mtu humu ndani anapakua mamuvi usiku na mimi sina kiwanda cha intaneti. Alinyamaza tu akaenda kulala.

mama_vitumbua
Kaka na kipimo hujafanya bado!! Mtoto wa watu.

Chaki Nyeupe
Umewahi mkuu. Simu ya Android inatunza rekodi yake yenyewe, angeingia mipangilio, matumizi ya data, upande wa waifai, anaona mwezi mzima apu ipi imekula ngapi. Ungemwomba tu akuonyeshe.

Halafu hiyo TV ni kubwa kiasi gani? Na ilikuwepo miezi iliyopita?

baba_watatu
Inchi 43, ile ya 4K. Hapana haikuwepo, nimeitoa dukani tarehe 28 mwezi wa tano. Ila hiyo ni ya watoto wanaangalia katuni tu YouTube, si muvi. Na sasa hivi wamefunga shule wako nyumbani.

fundi_antena
Hahahaaa.

Chaki Nyeupe
Hahaha pole sana baba watatu. Katuni ni video kama video nyingine, YouTube haijali kama ni Messi au ni nguruwe anaimba. Netflix wao wenyewe wanasema HD inakula hadi GB 3 kwa saa, 4K hadi GB 7, ila ukishusha ubora wa wastani inakuwa kama 0.7. YouTube haipo mbali na hapo. TV kubwa ikiona mtandao uko vizuri inavuta ubora wa juu kabisa bila kukuuliza, na katuni moja ikiisha inajileta nyingine, watoto wameshalala kwenye kochi inaendelea tu. Weka masaa matatu kwa siku kwa GB 2 tu, hiyo ni 6. Mara siku 9, ni 54.

Soma tena takwimu zako.

baba_watatu
...

Nimefanya kipimo leo. Nimefuta takwimu, nikazima vifaa vyote, TV peke yake kuanzia saa 1 hadi saa 2 usiku. GB 2.2. Kwa saa moja. Watoto hata hawakuwa wanaangalia, walikuwa wanapigana.

fundi_antena
Hapohapo kwenye TV, video ikiwa inacheza bonyeza alama ya mipangilio chagua ubora wa 480, kwa katuni mtoto hajui tofauti. Zima na ile ya kujicheza yenyewe. TV nyingine ukiizima na kuiwasha inarudia ubora wa juu, ukiona hivyo ishushe tena, na huko kwenye rauta, kwenye takwimu kuna mahali unaweka kikomo cha mwezi na onyo. Na laptopu kama ni ya Windows iambie hiyo waifai ni ya kupimwa (metered), yaani bando lina kikomo, vinginevyo apdeti moja inabeba GB kadhaa bila hata kukusalimia. Kuna na kipengele cha kugawia kompyuta nyingine apdeti kupitia intaneti, hakikisha kimezimwa, hiyo inapakia kutoka kwako kwenda kwa watu usiowajua.

baba_watatu
Nimeweka 480, saa nzima imekula kama nusu GB. Wala sijaona tofauti na mimi mwenyewe nimekaa nimeangalia.

Shemeji nimemwomba simu nione, kafungua bila neno. Tangu amefika hapa waifai katumia GB 3.8, nyingi ni za kujaza fomu za maombi ya kazi na WhatsApp. Nimemwandikia nywila mpya kwenye karatasi nikampa na soda. Soda kanywa. Karatasi kairudisha juu ya meza, kasema asante shem, ananunua bando lake.

Mke wangu toka jana ananiongelesha kupitia watoto. Hapo mnanishaurije?

Kipanga Mweusi
Hiyo sasa haiko 192.168.8.1 mkuu.

mama_vitumbua
Mtafutie huyo kijana kazi.